Goti la mwanangu linalia "ko!", kumbe gegedu lina kasoro ya kuzaliwa. Naombeni ushauri

Mama Wawili (Morogoro):
Habari zenu wapendwa. Kijana wangu ana miaka 9. Tangu akiwa na 6, akiinuka mkekani goti la kushoto linalia "ko!", hata niliye jikoni nasikia. Hajawahi kuanguka. Bibi yake akampeleka kwa mchuaji, tukaambiwa mshipa umehama. Mwezi uliopita goti likakwama likiwa limekunjwa, akalia mpaka usiku. Eksirei ikatoka safi. Picha ya MRI, ile inayoonyesha hata vitu laini vya ndani, ndiyo imesema gegedu (ule mto mgumu kidogo kati ya mifupa ya goti) la upande wa nje ni "diskoidi", na daktari anataka kupasua. Silali. Au kuna kitu nilikula nikiwa na mimba yake?

Fizio_Moshi:
Pole sana mama. Hukumfanyia kitu, ondoa hilo moyoni. Kati ya paja na muundi kuna magegedu mawili yenye umbo la mwezi mchanga. Hilo la mwanao limejaa kama kisahani, tena nene, ndiyo maana linaruka na kulia. Eksirei haionyeshi gegedu, kwa hiyo kutoka safi si ajabu. Goti linalolia tu bila maumivu kwa kawaida tunaliacha na kulifuatilia. La kukwama ni jingine: huenda limechanika, au halikushikika vizuri kwa nyuma. Muulize daktari hayo mawili, na atabakiza kiasi gani. Zamani waliliondoa lote, goti likaja kusagika mapema. Siku hizi wanapunguza katikati kwa upasuaji wa matundu, wanaacha ukingo wa milimita 6 hadi 8 hivi, palipochanika wanashona.

Baba Nuru:
Dada, binti yangu alipitia hayo. Upasuaji ulikuwa mwepesi kuliko nilivyohofia, kazi ilikuja baadaye. Alikuwa anaogopa mazoezi nasi tukamwonea huruma, paja likasinyaa. Msimwonee huruma kwenye mazoezi. Hapo Dar, MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wanafanya upasuaji wa matundu.

Mama Wawili:
Asanteni, nimelia. Na goti la kulia je? Halijawahi kulia.

Fizio_Moshi:
Huweza kuwa yote mawili, hata kama moja limenyamaza. Mwambie daktari alikague pia. Likikwama tena msilivute kwa nguvu.

Mama Wawili:
Jumamosi alikuwa arudi kwa mchuaji. Nimempigia bibi yake, haendi.