Naomba ushauri: kijana wangu kapagawa na Bruce Lee

Wakuu, habari zenu. Nina kijana wa miaka 11. Tangu nimwonyeshe Enter the Dragon, filamu ya kung fu ya Bruce Lee, nyumba haina amani. Kakata mpini wa ufagio vipande viwili, kavifunga kwa kamba ya kiatu, eti ndiyo nunchaku yake. Jana kajitwanga nayo hadi kaota nundu kwenye paji la uso.

Kinachonishangaza, Bruce Lee alifariki Julai 1973 akiwa na miaka 32 tu, kabla hata filamu hiyo haijaanza kuonyeshwa. Miaka zaidi ya 50 imepita na bado anateka watoto! (Nami nilikuwa hivyohivyo, ila simwambii.)

Sasa dogo anataka Jeet Kune Do, mtindo wa mapigano wa Bruce Lee, si kingine. Ninachojua, Bruce Lee mwenyewe alianzia Wing Chun (aina ya kung fu) kwa mwalimu Ip Man kule Hong Kong, mtindo wake huo akaubuni baadaye. Je, nimwanzishe na judo au karate apate msingi, au nimpeleke moja kwa moja? Na mwalimu wa kweli nitamtambuaje? Sitaki wa mbwembwe za sinema.

Mama yake kashasema ufagio mwingine ukikatwa, tunalala nje wote wawili.