Naomba ushauri: mdogo wangu amefariki akiwa kazini mlimani, hakuwa na mkataba wa maandishi

Ndugu zangu, nawasalimu kwa heshima. Mdogo wangu, mpagazi wa miaka 22, aliteleza mwezi uliopita kwenye miamba ya Barranco, njia ya Machame ya kupanda Mlima Kilimanjaro, akiwa amebeba mizigo ya wageni, akafariki kabla ya kufikishwa chini. Kampuni iliyompandisha ilituletea jeneza na rambirambi, kisha ikasema kwamba alikuwa kibarua wa safari moja tu, kwa hiyo hatuna la kudai, ingawa alikuwa ameipandia tangu mwaka juzi (na wapagazi wengi hapa Moshi wanafanya kazi hivyo hivyo, bila karatasi yoyote). Ameacha mke na mtoto wa miezi saba.

Nimefika ofisini kwao mara tatu bila kuonana na mkurugenzi. Ninazo hati ya kifo na taarifa ya polisi, na wenzake wawili wako tayari kushuhudia.

Je, familia inaweza kuwasilisha madai yenyewe kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi iwapo mwajiri amekataa kutoa taarifa? Na je, ushahidi huu unatosha pasipo mkataba, au tuanze kwanza na msimamizi wa mirathi Mahakama ya Mwanzo?