Bia imezeekea stoo halafu mwaniambia ndo ladha ya IPA ya sesheni??

Wazee wangu salaam. Najua wengi humu hamnywi, mtanistahimilia, lakini hili jambo limenikaa rohoni tangu Jumamosi na leo nalitoa lote.

Kuna baa huku Nyali, jina silitaji, ilitangaza jioni ya kuonja bia za krafti, zile za viwanda vidogo, shilingi 2,500 kichwa, glasi tano na kitu cha kutafuna. Mimi hizi bia nazipenda kweli, kila nikienda Nairobi narudi na chupa tatu nne nimezivingirisha kwa nguo ndani ya begi, basi nkalipa mapema, nkachukua tuktuk toka Bamburi, saa kumi na mbili jioni nshakaa. Kitu cha kwanza kuletwa ni viazi karai na achari ya embe ile kali ya pilipili. Kabla ya glasi ya kwanza! Ulimi ushachomeka, sasa waonja nini? Nkanyamaza, nkaomba maji.

Glasi ya pili ndo ilonipeleka. IPA ya sesheni, yaani India Pale Ale, bia ya hopsi nyingi (yale maua ya kutia bia uchungu na harufu), ila hii alkoholi yake ndogo, lebo yasema asilimia 4.5. Glasi yenyewe imetoka friza, ina barafu pembeni, nanusa hakuna kitu. Nkaishika kwa viganja viwili mpaka ule ubaridi ukapungua, manake bia ya hopsi ikiwa ya barafu harufu yote yajificha, yataka digrii saba mpaka kumi hivi, ndo ikafunguka na kilichotoka jamani ni boksi lililonyeshewa. Karatasi mbichi, halafu utamu mzito kama asali ya zamani, halafu uchungu unakwaruza koo na nyuma yake hamna kitu. Rangi imekolea imekua chai ya rangi. Na bia hii hii, chupa hii hii, nshainywa Nairobi ikiwa ya wiki tatu, yanukia embe bivu, pasheni, ganda la balungi ukilikwangua kwa ukucha, nyepesi mdomoni, kavu, uchungu wake wakata kisha waondoka na wewe wataka funda lingine.

Nkainua mkono nkamwambia kijana alokua akituongoza, hii imezeeka. Akanijibu mbele ya watu wote: "Hapana ndugu yangu, hiyo ndo sesheni, ni IPA ilotiwa maji, ladha yake ndo hiyo." Na watu wakaandika! Kulikua na dada mezani kwetu ndo mara yake ya kwanza, kaandika kwenye simu yake "IPA – karatasi, chungu, sipendi". Hapo mori ulinipanda. Huyo dada hatarudi tena, ameonjeshwa mzoga akaambiwa ndo ng'ombe.

Haitiwi maji! Inapikwa hivyo toka mwanzo. Kimea kidogo, ndo alkoholi inakua ndogo, mpikaji aichanganya shayiri na maji ya moto zaidi kidogo ili bia isiwe kama maji mdomoni, halafu hopsi nyingi anazieka mwisho mwisho na nyingine baada ya hamira kumaliza kazi yake, ili apate harufu bila kuongeza uchungu mwingi. Kazi ngumu hiyo, manake hakuna kimea kizito wala alkoholi kali ya kuficha kosa. Na neno lenyewe sesheni ni kikao, bia ya kukaa na wenzako mkanywa mbili tatu na bado mwaongea maneno ya maana.

Akaendelea kuharibu. Akasema chochote chini ya asilimia 5 ni sesheni. Kwa hesabu hiyo Tusker ya 4.2 nayo ni IPA ya sesheni?? Tusker ni lager, hamira nyingine, inachachushwa kwa ubaridi, hopsi zake chache. Mwongozo wa majaji wa bia wa Marekani, BJCP, ule wa 2021, waeka IPA ya sesheni 3.0 mpaka 5.0, ya kawaida 5.0 mpaka 7.5, dabo 7.5 mpaka 10, lakini kwanza iwe IPA! Yaani hopsi ndo zishike usukani, kimea kikae nyuma. Kimea kikija mbele kikalingana na hopsi hapo ndo waanza kuongea habari ya bia nyingine iitwayo "pale ale", na hiyo kwao ni 4.5 mpaka 6.2, kwa hivyo namba peke yake haikuambii kitu, lazima unuse na uonje. Glasi ya nne lebo yasema 5.8 na yeye aiita sesheni pia. Hata sheria yake mwenyewe kaivunja.

Nkaigeuza chupa. Tarehe ya kupikwa mwezi wa tisa mwaka jana. Miezi saba! Nkamuuliza weita kwa upole zakaa wapi, maskini akasema ukweli, stoo ya nyuma, ya mabati, zaingizwa friji asubuhi ya shughuli. Joto la Mombasa mwezi wa pili na wa tatu mwalijua nyinyi. Bia ya hopsi adui zake ni joto, hewa na jua, na harufu ndo ya kwanza kufa.

Meneja naye akaja na hadithi ya Waingereza, eti IPA ilisafirishwa kwa meli mpaka India miezi na miezi na haikuharibika. Bwana mkubwa, zile za karne ya 19, za London na Burton, zilikua na alkoholi zaidi na uchungu wa nguvu, zimo ndani ya mapipa, na hakuna alotarajia zinukie embe. Wachukua bia ya 4.5 walahi waifananisha na hiyo?

Mama wa mangwe, kilabu cha mnazi, kule Mtwapa hawezi kukuuzia mnazi wa jana akakwambia wa leo, wateja watamtupia mboko. Yeye hana friji wala menyu ya kung'aa. Nyinyi mwachukua 2,500.

Niliomba pesa ya glasi ile moja tu, nkanyimwa, nkaambiwa sijazizoea bia za krafti. Nataka 500 yangu, na nataka yule dada apigiwe simu apewe chupa mbichi, namba yake wanayo kwenye orodha ya malipo. Risiti ninayo, chupa tupu niliomba nkaondoka nayo, tarehe yasomeka.

Na kama kuna alojua baa Mombasa yoyote inayozieka hizi bia kwenye friji toka siku zinaposhuka kwenye basi, aniambie, leo hii ntaenda.