Ugonjwa wa maji ya zamani: mlango wa kudai ufungwe lini?

Mkazi wa Langoni: Barazani leo tumebishana tangu alasiri kuhusu kambi ya Camp Lejeune, kule North Carolina, Marekani. Tangu 1953 hadi 1987 wanajeshi na familia zao walikunywa maji yenye dawa ya kuondolea grisi kwenye vyuma na ile ya madobi. Saratani zikaja baadaye. Wakienda mahakamani, sheria ya jimbo inawaambia wamechelewa, miaka kumi imepita. Agosti 2022 Bunge likawafungulia mlango, kwa miaka miwili tu. Sasa umefungwa. Mimi naona ni dhuluma. Ugonjwa ulionyemelea miaka thelathini, mgonjwa anapewa miwili?

Mvuvi wa Shela: Miwili inamtosha anayetaka haki, shekhe. Shahidi wa 1953 utampata wapi? Na saratani humpata hata asiyeyanywa maji hayo. Utajuaje ni bomba lile?

Mkazi wa Langoni: Hapo umegusa penyewe. Sheria ile haidai uhakika. Uwe umekaa kambini siku 30, na ushahidi uonyeshe kuwa uwezekano wa maji kuwa chanzo angalau ni sawa na wa kutokuwa. Nusu kwa nusu. Aliyetia sumu ndiye aliyekuwa na vipimo, mnywaji ana kikombe tu.

Bi wa Mkomani: Wanangu, kwetu Kenya dai la kuumizwa lina miaka mitatu, ingawa mahakama yaweza kukuongezea muda ikiwa hukujua kilichokupata. Na utajuaje? Katika birika letu la kuhifadhia maji mna visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Mama akiviona vinacheza, atachota kwa kata na moyo mkunjufu. Lakini kisamaki hakipimi dawa ya dobi. Hesabu ya miaka ianze siku daktari alipokwambia. Na hata ukishinda, subiri. Owino Uhuru, Mombasa, walioumizwa na madini ya risasi ya betri walipewa shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020. Mahakama ya Rufani ikaifuta 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Mgonjwa hangoji rufani.

Mvuvi wa Shela: Kwa hesabu hiyo ya Bi, nakubali. Lakini kule kuna serikali ya kushtakiwa. Kisima chenu cha Langoni kiko hatua chache na choo cha jirani. Utamshtaki nani?

Mkazi wa Langoni: Jirani mwenyewe ni mjomba wangu. Hilo tuliache kwanza.