Mizizi ya kitunguu: naona intafezi tu (seli ambazo hazijaanza kugawanyika), nakosea wapi?

Kitunguu_Uyole:
Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo. Niko mwaka wa kwanza, nasoma baiolojia hapa Mbeya. Praktikali ya mitosisi, yaani seli kugawanyika, inanishinda, hii ni mara ya tatu. Kitunguu nilinunua Mwanjelwa, nikakikalisha juu ya glasi ya maji dirishani kwangu Uyole. Siku ya tano mizizi haijazidi urefu wa ukucha. Nimeikata yote, nimechemsha kwenye asidi, nimetia asetokamini, ile rangi ya kuonyesha kromosomu. Kwenye hadubini naona vyumba virefu kama matofali, kila kimoja na kinukta chake. Kromosomu, zile nyuzi zinazobeba DNA, hakuna! Jirani yangu wa meza kapata anafezi safi, kromosomu zikivutwa pande mbili. Ripoti Ijumaa ijayo. Nichore tu ya kitabuni?

Mnyalu_Maabara:
Marahaba. Ya kitabuni usichore, sisi wasahihishaji tunaijua hata gizani. Jibu umeliandika mwenyewe: "virefu kama matofali". Seli hizo zimeacha kugawanyika, zinarefuka tu. Chukua milimita 1 hadi 2 za ncha, basi. Seli za pale ni ndogo, za mraba, kiini kimejaa karibu chumba kizima. Halafu nani kakwambia uchemshe? Asidi ya haidrokloriki ya mola 1, nyuzi 60, dakika 5, suuza, ndipo rangi. Funika na kioo, weka tishu juu, bonyeza wima kwa dole gumba. Ukisokota umeharibu.

BintiKilolo:
Julai, Uyole, dirishani? Hapo hata maandazi hayaumuki mdogo wangu! Baridi inapunguza kasi ya seli kugawanyika. Kipeleke jikoni, na maji ubadilishe kila siku.

Kitunguu_Uyole:
Asante dada. Nilikipeleka kwa mama mwenye nyumba, nusura akikaangie mboga. Siku mbili tu mizizi ikachomoza vizuri. Leo nimepata metafezi mbili (kromosomu zimejipanga katikati ya seli) na anafezi moja! Ila zilizobaki zote intafezi. Bado nakosea?

Mnyalu_Maabara:
Hukosei. Seli inakaa intafezi sehemu kubwa ya maisha yake, huko ndiko inakonakili DNA. Piga picha ndani ya daladala: wengi utawakuta wamekaa, anayepanda au kushuka ni mmoja mmoja. Hesabu seli 200, andika ngapi zinagawanyika, hiyo ndiyo ripoti. Na kwenye metafezi jaribu kuhesabu kromosomu, kitunguu kina 16. Mimi nikifika 13 huwa nimeshapotea.