Mashua ikipinduka Lamu, nani atoe amri ya boti kuondoka?

Mwanajeshi mstaafu, Langoni

Asalaam aleikum, watu wa Lamu. Swali langu ni hili: afisa wa jeshi aliye karibu na ajali aruhusiwe kutoa boti saa ile ile kisha aripoti, au aendelee kungoja kibali kutoka juu?

Mimi nasema aruhusiwe. Siku moja ya kusi tulikaa gatini tumevaa maboya, injini inanguruma, tunangoja simu. Chombo kilichotoka Kizingitini kilikuwa kimepinduka. Mkubwa wetu alitaka twende. Lakini boti ile iliandikishwa kwa doria, na kuitumia kwa kazi nyingine kulihitaji idhini ya ofisi iliyo mbali na bahari hii, nayo ofisi ikataka kwanza barua ya ombi kutoka upande wa raia. Tulipofika, wavuvi walikuwa wameshaopoa watu. Wawili hawakuwahiwa. Mpaka leo nikipita gati ile moyo huniuma.

Na mafunzo yenyewe! Nilipelekwa mara tatu. Mara mbili tulikaa ukumbini tukitazama picha ukutani, tukapewa vyeti. Mara ya tatu tulivuta mpira wa gari la zimamoto kwenye uwanja mpana, bara. Sasa Mji wa Kale, huu ulioingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, gari lile litapita kichochoro gani? Punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hurudi nyuma. Moto ukishika makuti na upepo unavuma, kinachotakiwa ni pampu ya kubebwa na watu wanaojua kuvuta maji ya bahari. Hatukuonyeshwa hata moja. Wala hakuitwa nahodha yeyote kutueleza Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, unapitikaje maji yakipwa.

Katiba ya 2010, Kifungu 241, yasema majeshi yatasaidia na kushirikiana na mamlaka nyingine wakati wa dharura au maafa, na yaripoti kwa Bunge la Kitaifa yanapotumwa. Yaripoti. Idhini ya Bunge inadaiwa kwa jambo jingine, kutumwa kurejesha amani penye vurugu.

Mwalimu, Mkomani

Pole sana, kaka, kwa siku ile. Lakini nakupinga. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni mwaka 2014 tuliishi chini ya amri ya kutotoka nje, na kuvua usiku kukapigwa marufuku. Nyumba zilizokula kwa samaki wa usiku zililala njaa. Leo unataka afisa apewe mamlaka mengine ya kuamua mwenyewe baharini?

Tena Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo limegawa maafa kwa serikali zote mbili, na zimamoto ni kazi ya kaunti. Jeshi likizoea kutangulia, kaunti haitanunua hiyo pampu unayoisema. Kuna pia Walinzi wa Pwani, walioundwa kwa sheria ya 2018, na uokoaji baharini umo katika kazi zao. Wadaiwe wao kwanza.

Nahodha, Faza

Nawasikia nyote, na nyote mwazungumza kuhusu wanaokuja baadaye. Anayefika kwanza ni mimi na jirani yangu. Nimeopoa watu mara nne. Petroli nilinunua mwenyewe, na mara moja nilirudi na maiti nikahojiwa hadi alfajiri, nani kakutuma. Baada ya hapo vijana wangu wawili waliapa hawatoki tena usiku, hata wasikie mayowe.

Mwanajeshi mstaafu, Langoni

Nahodha, hilo la kuhojiwa limenikata maini. Mwalimu, hofu yako ni ya haki, sikuipa uzito nilipoandika. Basi niibane hoja yangu: boti itoke bila bunduki, kwa uokoaji tu, na ripoti iandikwe siku hiyo hiyo, nakala iende kaunti. Ila kuwangoja Walinzi wa Pwani peke yao sikubali. Mtu aliye majini usiku wa kusi haulizi sare ya anayemvuta.

Mwalimu, Mkomani

Bila bunduki, naweza kulizungumza. Lakini petroli ya nahodha iwe ndani ya maandishi, na kinga ya kutohojiwa kama mhalifu. Bila hayo mawili siungi mkono.

Nahodha, Faza

Nimekubali. Na mafunzo yafanyike huku, ndani ya maji, wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, sisi tukiwa walimu. Bamvua lijalo nitakuwa gatini Lamu na mashua yangu. Mstaafu, njoo na wenzako wawili, niwaonyeshe Mkanda. Mwalimu, nawe njoo na daftari.