Pickle, SQLite, LMDB au numpy: rekodi milioni 29 za maziwa nizihifadhi vipi?

kijana_wa_bahati (Nakuru)
Habari za jioni wadau. Nashughulikia rekodi za ushirika mmoja wa maziwa huku Bahati. Wakulima ni kama 5,000, kila mmoja analeta maziwa asubuhi na jioni, na rekodi ni za miaka minane, kwa hiyo zinakaribia milioni 29. Programu yangu ya Python inazisoma kutoka faili za CSV (majedwali ya maandishi) na kuzipanga kwenye dikshonari, ambamo kila kitu hutafutwa kwa ufunguo wake: namba ya mkulima, kisha orodha ya tarehe, kipindi na kilo. Kupanga tu huchukua dakika arobaini. Zikishaingia kwenye memori, kila swali linajibiwa papo hapo.

Shida ni kuzihifadhi. Nikitumia pickle (njia ya Python ya kuandika vitu vya memori kwenye faili), laptopu yenye ram ya gigabaiti 16 inajaa, inaanza kuazima nafasi kwenye diski, mwishowe inaganda. Jumatatu stima ilipotea katikati ya kuandika, na nilikuwa naandika juu ya faili ya zamani. Zote mbili zikaenda. Nimesikia JSON (mfumo wa faili za maandishi) zikitajwa, na hifadhidata za SQLite, LMDB na Redis. Aliyewahi kubeba mzigo kama huu anieleze alipitia wapi.

fundi_webuye
Pole sana ndugu. JSON iweke kando kabisa. Funguo zako za namba zitarudi zikiwa maandishi, na maktaba ya kawaida inataka faili nzima iingie kwenye memori kabla haijakupa chochote.

Pickle bado inaweza kukusaidia. Inajaza ram kwa sababu huweka daftari la kila kitu ilichokwisha kuandika, ili kitu kikitajwa tena kisiandikwe mara ya pili. Ukiimwagia mamilioni ya vitu, daftari lenyewe linageuka mzigo. Andika wakulima mia mia, pickle.dump moja baada ya nyingine kwenye faili ile ile. Kila mwito huanza na daftari tupu. Wakati wa kusoma, ita pickle.load tena na tena mpaka upate EOFError. Weka gc.disable() kabla ya kusoma na gc.enable() ukimaliza, maana mfagiaji wa memori hukatiza kazi mara kwa mara vitu vipya vinapoongezeka. Na usifungue pickle uliyotumiwa na mtu usiyemjua, inaweza kuendesha msimbo wowote kwenye mashine yako.

dada_wa_kibuye (Kisumu)
Fundi, hapo sikubaliani nawe. Hata akiandika kwa mafungu, kila asubuhi itabidi aivute data yote ndani upya. Mimi ningemuuliza kwanza: unazihitaji zote kwa pamoja? Kama karani anauliza mkulima mmoja mmoja, SQLite inatosha na inabaki.

Mimi nilichoshwa na kosa moja. Kila INSERT (amri ya kuongeza rekodi) niliipa muamala wake, yaani kila moja ilithibitishwa peke yake, nikakesha. Nyaraka za SQLite zenyewe zinasema kompyuta ya kawaida hufikisha INSERT 50,000 au zaidi kwa sekunde, lakini miamala ni makumi machache tu, kwa sababu kila muamala unasubiri diski ithibitishe. Funga rekodi laki moja ndani ya muamala mmoja, tumia executemany (mwito mmoja kwa rekodi nyingi), na indeksi, ile orodha ya kutafutia haraka, uiunde mwishoni. Utaambiwa uweke PRAGMA synchronous=OFF, yaani isisubiri diski, ili iende mbio. Kwa stima yetu hii usithubutu, ikipotea wakati huo faili inaweza kuharibika.

kijana_wa_bahati
Asante dada. Maswali ni ya aina mbili. Karani anauliza mkulima mmoja, ndiyo. Lakini mwisho wa mwezi mhasibu anataka jumla za wote, tena akilinganisha na miaka iliyopita. Ndiyo maana nilikimbilia memori.

mwalimu_njoro
Basi kabla ya kuchagua pa kuhifadhi, tazama umbo la data yenyewe. Desimali moja ya Python hula baiti 24, na tuple (kifungu cha Python) inayoibeba hula zaidi ya 60. Rekodi yako haina haja ya ukubwa huo. Namba ya mkulima inatoshea baiti 2. Tarehe ihesabu kama siku tangu 1 Januari 2000, baiti 2 tena. Asubuhi au jioni, baiti 1. Uzito uandike kwa gramu, namba kamili ya baiti 4; wakulima wanalipwa kwa kilo hizi, sitaki desimali ziwapunje. Jumla ni baiti 9. Zidisha kwa milioni 29.2 upate kama megabaiti 263.

Tengeneza safu nne za numpy (maktaba ya Python ya safu za namba), kila moja na faili yake ya .npy, zikiwa zimepangwa kwa namba ya mkulima. Fungua kwa np.load ukiweka mmap_mode='r'. Hapo hakuna kusubiri kupakia, mfumo unavuta kurasa zinazoguswa tu. Mkulima mmoja unampata kwa np.searchsorted, na mhasibu anajumlisha safu nzima kwa int64 (namba kamili ya baiti 8), jumla isizidi nafasi.

fundi_webuye
Mwalimu, hapo nimekubali. Na kuhusu Jumatatu: usiandike juu ya faili nzuri. Andika faili ya muda kwenye folda ile ile, tumia flush na os.fsync ili ifike diskini, ndipo os.replace iiweke mahali pa ile ya zamani. Stima ikipotea katikati, ya zamani iko salama.

dada_wa_kibuye
Redis inaweka data yote kwenye ram, kwa hiyo haikuondolei tatizo. LMDB ni imara stima ikikatika, ila kwenye Python kikomo cha awali ni megabaiti 10. Usipoongeza map_size itakukatalia mapema.

kijana_wa_bahati
Nimerudi. Safu za mwalimu zimefunguka mara moja, na ram karibu yote iko wazi. Zimebaki rekodi mpya za kila siku: niandike safu zote upya kila jioni?

mwalimu_njoro
Hapana. Za wiki ziingie kwenye SQLite ya dada, moja kwa moja kutoka kwa mizani. Jumapili uziunganishe na safu kubwa kwa njia ya fundi, na usizifute SQLite mpaka uhakikishe jumla za gramu zinalingana pande zote mbili.